Sauti Ndani ya Mlango wa Motokaa

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Mbege nilikuwa sijaonja, jua lilikuwa bado linawaka, na haya niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe hapa Moshi, wakati wa Mwingereza, nikiwa fundi wa viti na milango ya motokaa.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, Mchagga mwenzangu, aliniletea gari lake. "Mlango wa kushoto una kelele," alisema. "Zizime." Kazi hiyo naijua: unafungua ubao wa ndani, unapaka lami kwenye bati, unabandika blanketi zito, unarudisha ubao. Basi, nikaufungua.

Humo mlangoni mwanamke akasema kwa Kichagga, taratibu kabisa, "Niko korongoni, chini ya daraja la njia ya Tarakea. Mwambieni mume wangu anizike nyumbani."

Bisibisi ilinidondoka. Niamini, mle hamkuwa na kitu ila bati na kutu. Nikamgeukia mwenye gari. "Umesikia?"

"Nasikia kila siku. Ndiyo maana nimekuletea. Paka lami."

"Ulimgonga?"

"Ilikuwa mvua."

Nikamwambia akate jani la isale ampelekee mume wa marehemu, kama afanyavyo kwetu yeyote aliyekosa anapoomba msamaha. Nani hukataa isale? Akajibu kwamba watu watajua. Kisha akaninyang'anya brashi, akapaka lami mwenyewe, akabandika blanketi huku yule mama akiendelea kuomba, akaukandamiza ubao mpaka sauti ikakatika. Mtu mzima na akili zake, anamziba mdomo mwanamke aliyemuua.

Kesho yake mimi na majirani tulimkuta yule mama korongoni, mumewe akamtambua, tukamzika kwenye migomba ya nyumbani kwake. Nilimtaja yule bwana mbele ya wote. Polisi wakaniuliza shahidi wangu ni nani. Ningesema nini, mlango?

Na gari? Tangu siku ile aliyeingia ndani yake hakumsikia mwenzake. Watoto wa yule bwana walimwita baba kutoka kiti cha nyuma, yeye akaona midomo tu kwenye kioo.

Mume wa marehemu alimngojea yule bwana. "Fundi, angeleta isale ningelipokea," aliniambia kila tulipokutana, mpaka akafa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Wewe unayeendesha gari, ukimgonga mtu, simama. Ukishindwa kusimama, usiniletee mlango wako.