Kiti cha Delbert Upande wa Mwokaji

Kuna wanaume waliojaliwa ulimi, na kuna Delbert Haugen. Ujana wake wote na utu uzima wake wote aliendesha gari la kusukuma theluji katika barabara za mji wa Duluth, peke yake ndani ya kile kibanda chenye hita na redio, na kazi ilimkaa vizuri kwa sababu theluji haimuulizi mtu anajisikiaje. Zamani kidogo alimpenda fundi mmoja wa gereji ya manispaa. Fundi akangoja neno, akangoja, akachoka, akahamia mji wa Fargo. Delbert alimsaidia kupakia masanduku.

Sasa alikuwa mstaafu mwenye magoti mabovu, na alikuwa amekalia neno jingine mwaka wa nne huu. Neno lenyewe lilimhusu Verlyn Okerlund, mwalimu wa piano, mwanamume mnene mwenye kipara na masikio makubwa. Delbert alimpenda Verlyn. Mimi nalisema waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe asingelisema hata ukimchoma sindano.

Walikuwa wakikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, wakati waumini wa asubuhi wameshachukua kofia zao na kuondoka. Hicho kilikuwa chama cha wazee wenye mvi, wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake, ambao ujanani hawakuwa na mahali pa kuonea filamu za watu kama wao, na sasa walikuwa wakilipiza. Filamu zilikuwa za zamani tu, za farasi, taa za mafuta na suruali za kamba begani. Mwenyekiti wao, Ardis Sundquist, aliyewahi kuwa na bucha, alikataa kabisa za siku hizi. Alisema humo watu wanashinda wakitazama simu, na simu hata yeye anayo.

Ila msidhani walifuata filamu. Walifuata kuhamisha viti. Filamu ikiisha, ukuta wa kushoto unapewa mpenzi mmoja wa kwenye filamu na wa kulia unapewa mwenziwe, kisha kila mtu anabeba kiti chake mwenyewe na kwenda kukaa upande wa yule anayemwona mzuri zaidi. Ukishakaa unasimama kutoa sababu, na sababu iwe ya mwili. Ukithubutu kusema jamaa ana roho nzuri, unaosha vyombo vyote.

"Roho nzuri tumeisikia huko juu asubuhi," Ardis alizoea kusema. "Hapa chini tunataka mabega."

Ruhusa ilikuwepo ya kubadili upande mara moja, alimradi kahawa yako haijaisha kikombeni.

Verlyn siku zote alikaa kwa wale wembamba. Unawajua, wale wenye mataya makali na nywele zilizolowa zinazoanguka usoni. Delbert naye siku zote alikaa huko huko, kiti chake kikigusana na cha Verlyn, ingawa wembamba hawakumgusa popote. Akiwatazama aliona watu wanaohitaji supu. Zamu yake ikifika alisimama, akasema, "Shingo. Ana shingo nzuri," akaketi. Kila mwezi shingo. Lowell, mzee mmoja mwembamba mwenye mdomo usiolala, alishamwambia kuwa amesifia shingo nyingi kuliko muuza tai.

Basi mwezi uliotangulia, wakinywa kahawa, Verlyn akatoa habari kwamba anahamia Arizona kwa dada yake. Nyumba ameshaiaga.

"Hakuna kinachonishika hapa," alisema, akitazama ndani ya kikombe.

Delbert aliweka kikombe chini. Akafungua mdomo, na mlioko karibu shikeni viti, akasema, "Arizona kuna jua."

Arizona kuna jua! Mtu anakwambia hana kinachomshika, wewe unamsomea hali ya hewa. Alipofika nyumbani alikaa ndani ya gari lililozimwa mpaka vioo vikaganda barafu, akijiita majina ambayo siwezi kuyarudia.

Kwa hiyo Jumapili hii ya Februari ilikuwa ya mwisho ya Verlyn, na Delbert alijua kwamba asiposema leo atapakia masanduku mengine. Filamu ilikuwa ya mpima ardhi na mwokaji mikate katika kijiji fulani, enzi za babu zetu. Mpima ardhi alikuwa mwembamba, bila shaka, na shati lililokataa vifungo. Mwokaji alikuwa mnene, mwenye kipara, masikio yametokeza, unga mpaka viwikoni. Alipokunja mikono ya shati na kuanza kukanda, Delbert alivua sweta. Katika mji ule, mtu kuvua sweta Februari ni sawa na kupiga kengele, na Ardis alimtupia jicho.

Taa zikawashwa, viti vikabebwa. Watu wote walikwenda kwa mpima ardhi kama maji yanavyofuata mfereji. Verlyn alikwenda pia, akaacha nafasi pembeni yake kama kawaida. Delbert akanyanyua kiti, akasimama katikati ya ukumbi nacho mikononi. Akienda pale atapata ubavu wa Verlyn kwa saa moja, halafu Arizona. Akageuka, akaenda kukaa chini ya ukuta wa mwokaji, peke yake.

"Delbert, umepotea njia?" Lowell aliuliza. "Huko ni kwa mwokaji."

"Najua ni kwa nani."

"Lakini yule hana hata shingo, bwana."

"Sikufuata shingo."

Ardis akagonga kijiko kwenye kikombe. "Haya, bwana Haugen. Sababu. Ya mwili."

Delbert alisimama. Aliamua kuitazama sakafu, maana sakafu haicheki.

"Masikio," alisema. "Ni makubwa. Yakipigwa na baridi yanakuwa mekundu kuanzia juu. Na kile kipara. Taa ikikiangukia unatamani ukiwekee kiganja, uache tu hapo. Tumbo nalo limetulia, mtu ukiliegemea umefika nyumbani. Na akicheka, mabega yanapanda kwanza, sauti inafuata baadaye."

Ardis alikiweka kijiko chini.

"Delbert," Ardis alisema polepole, "yule mwokaji hakucheka hata mara moja. Amelia mwanzo mpaka mwisho."

"Na ilikuwa kiangazi," Lowell aliongeza. "Baridi umeitoa wapi?"

"Basi nimechanganya."

"Umemchanganya na nani?" Ardis aliuliza.

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Verlyn, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, kuanzia juu. Delbert aliona hivyo akashikwa na hofu, na kwa hofu akaharibu kila kitu.

"Tena ana moyo mwema," alisema. "Moyo mwema sana."

"Vyombo," Ardis alisema.

Sasa mezani palikuwa na trei ya keki ya limau, na ndani yake kimebaki kipande kimoja. Watu wale hawali kipande cha mwisho. Atakuja mmoja akikate nusu, mwingine aikate ile nusu, mpaka kibaki kitu cha kulisha sisimizi, na bado hakuna atakayekigusa. Verlyn aliinuka, kiti mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Akakiinamisha kikombe ili Ardis aone.

"Kahawa yangu bado," alisema.

Alipofika mezani akaweka kikombe chini, akachukua kile kipande cha mwisho, kizima, kwa vidole. Mwanamke mmoja alishika kifua. Verlyn akaendelea kutembea, akaweka kiti chake chini ya ukuta wa mwokaji, goti kwa goti na Delbert, akamega keki na kumpa nusu.

"Siku yangu ya kwanza hapa nilikukuta upande wa mwembamba," alimwambia. "Nikajua ndio unaowapenda. Nikawa nakwenda huko kila mwezi ili unikute."

"Siku ile Lowell alikuwa amekaa kule peke yake," Delbert alisema. "Nikaona vibaya kumwacha."

"Mimi wembamba siwapendi hata kidogo."

"Mimi pia."

"Miaka minne, Delbert."

"Yaani zile shingo zote," Lowell alisema kutoka ng'ambo, "tumezisikiliza bure."

Verlyn hakumgeukia. Alikuwa akimtazama Delbert, na sura yake haikuwa na mzaha tena.

"Arizona kuna jua," alisema.

Delbert alimeza keki. Ilimchukua muda, na ukumbi mzima ukamngoja.

"Usiende," alisema.

"Haya," alisema Verlyn. "Siendi."

Vyombo vilioshwa, maana sheria ni sheria. Delbert aliosha, Verlyn akafuta. Ardis aliposhuka kuzima taa aliwakuta bado wako kwenye sinki, masufuria yamekwisha zamani. Delbert alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kile kipara, kikiwa bado na povu, nalo lilikuwa likitiririka mpaka masikioni. Verlyn alikuwa akicheka, mabega yakitangulia. Ardis aliacha taa ikiwaka, akapanda ngazi kurudi juu.