Siku Nilipomwita Tonton Deo Awe Kichwa cha Familia

Bado kuna wamama wa parokia yetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, ambao wakiniona naingia kanisani wanageuka kuangalia nani ananifuata nyuma, kisha wanaulizana kwa sauti ambayo wanajua kabisa nitaisikia, "Mapendo leo amekuja na bangapi?", halafu wanacheka mpaka vitambaa vya kichwa vinalegea. Mimi napita tu. Nitafanya nini? Aibu hii hakuna aliyenitupia, niliitafuta mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe, na hata pesa ya kupiga simu ilikuwa yangu. Basi acheni niwaeleze jinsi ilivyokuwa, maana ile habari inayotembea sokoni imeongezwa chumvi, wanasema eti nilileta mbuzi pia. Hakukuwa na mbuzi.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana, na mimi mkubwa nikaacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, nikachukua beseni la mama nikaenda kuuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, palepale alipokuwa anauzia. Nyuma yangu wako watatu: Neema, na vijana wawili ambao kazi yao kubwa mpaka leo ni kula. Neema ana ule ugonjwa wa damu ambao hapa kila mtu anauita SS. Baridi ikimpiga, au akichoka kidogo, mifupa inamuuma mpaka anauma shuka, na hapo hakuna dawa ya nyumbani, ni hospitali. Mara ya mwisho alipona vizuri, lakini sisi hatukutoka, kwa sababu mgonjwa ambaye hajalipa hatoki, kwa hiyo tukakaa kwenye korido kama mizigo iliyosahauliwa, mpaka nikauza cherehani ya mama. Nilipoona ile cherehani inabebwa kichwani na mtu mwingine inashuka kilima, nikasema basi, kitu cha kuuza kimekwisha, sasa natafuta bima.

Na nataka mjue kwamba nilitafuta kwa akili. (Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwamba sehemu ngumu niliifanya vizuri.) Kwanza nilishuka mpaka mtaa wa Nguba, kwenye ofisi moja yenye vigae vinavyong'aa hadi unaogopa kukanyaga, kijana mwenye kravati shingoni akanionyesha karatasi nzuri yenye familia inayocheka, bei yake kwa dola, kwa kila mtu. Nikamuuliza kitu kimoja tu, "SS iko ndani?" Akageuza karatasi, akasoma herufi ndogo za chini, akasema, "Pole maman, magonjwa ya kudumu haimo." Nikamshukuru, nikapanda kilima changu. Wa pili alikuwa bwana mmoja pale sokoni, anauza kadi kutoka kwenye mkoba wa kwapani, rahisi ajabu, inalipia kila kitu hadi miwani. "Ni kwa hospitali gani?" nikamuuliza. "Zote, maman!" Nikamwambia, haya, kesho twende wote kwenye moja, hata ile ya karibu, niione ikipokelewa. Toka siku ile ana shughuli nyingi, sijamwona tena.

Ya tatu ilikuwa mutuelle ya parokia, yaani ule mfuko ambao familia zinachanga mara moja kwa mwaka, halafu mtu akiugua mfuko unalipa sehemu kubwa ya deni la hospitali na wewe unamalizia kidogo. Mhamasishaji wao, papa Justin, alikuja kutueleza kwenye shirika letu, pale wakristo wa mtaa tunapokutana kusali. Nikauliza swali langu la SS (kwa sauti ya chini, kupitia jirani). Akajibu kwamba wao hawaulizi mtu anaumwa nini. "Lakini hatupokeake mugonjwa peke yake," akasema, "tunapokeaka nyumba nzima. Kama kila mutu ataleta mwenye anaumwa tu, na bazima babakie ku nyumba, mufuko itakufa mbele ya mwezi kuisha." Nikaelewa kabisa. Hata mimi nikiuza sambaza siwezi kuwaachia watu wachague kubwa zote. Nikaamua ni hii.

Halafu akamaliza kwa kusema, "Chef de ménage atakuja na familia yake yote kwa kupigwa picha, siku ya Mungu, misa ikiisha. Kisha pale tunafunga kuandika batu, mpaka mwaka kesho."

Chef de ménage. Mkuu wa nyumba. Pale ukutani walikuwa wamebandika tangazo lenye picha ya baba mwenye kofia, mama, na watoto. Mimi ni msichana, sijaolewa, kofia sina. Ingekuwa rahisi kuuliza, "Na sisi yatima tunafanyaje?" Lakini kwenye shirika letu yuko profesa wa chuo, wako watu wawili wa ONG, haya mashirika ya misaada, na wote walikuwa wanauliza maswali yao kwa Kifaransa kirefu, sasa mimi wa sambaza ninyanyue mkono kuuliza jambo ambalo labda hata mtoto wa la troisième, darasa la tatu, analijua? Nikanyamaza. Nikajipangia mwenyewe.

Tonton Deo ni mdogo wake baba, anakaa Katana, analima. Ana kofia. Nikampigia.

"Tonton, nakuomba kitu kidogo. Siku ya Mungu ukuje Bukavu, uwe kichwa ya familia yetu kwa mutuelle."

Akasema kwa sauti nzito, "Mapendo, mutoto wangu. Baba yako angekusikia. Ni familia yote?"

"Familia yote, tonton. Banasema hata mumoja asibakie."

Nilikuwa nasema kuhusu sisi wanne. Jamani, nilikuwa nasema kuhusu sisi wanne! Lakini mwambie mtu wa kwetu kwamba watoto wa kaka yake ni familia moja na wake ni familia nyingine, uone kama atakuelewa, na kusema kweli hata mimi siku nyingine yoyote ningekubaliana naye.

Jumapili ilipofika tukatoka misani tumependeza. Uwanjani kulikuwa na meza ya papa Justin chini ya turubai, shuka jeupe limetundikwa ukutani, mpiga picha, na foleni ndefu. Nikajipanga na watatu wangu, pesa zetu za kuchanga nimezifunga vizuri kiunoni, na nyuma yangu alikuwa yule profesa na mke wake. Nikawa natazama getini tonton ataingia lini.

Ikaingia taxi-bus. Nzima. Ikasimama katikati ya uwanja, na wa kwanza kushuka alikuwa tonton Deo, suti, kofia, fimbo ya kutembelea ambayo haihitaji. Nikafurahi. Akashuka tantine, mke wake, mimba imemfika mdomoni, na mtoto mgongoni. Wakashuka watoto, mmoja, mwingine, mwingine, nikaacha kuhesabu. Akashuka kijana anatembea amejishika hapa chini ya tumbo, kumbe ana hernia, yaani ngiri. Akashuka mmoja anakohoa. Mwisho wakaanza kumshusha koko, mama yake tantine, goti limevimba kama boga, wanaume wawili wanamshika na yeye anawaelekeza jinsi ya kumshika.

"Batu ya Bukavu!" tonton akapaza sauti, na uwanja wote ukageuka. "Huyu mutoto ya yatima muliona anauza sambaza, leo amekumbuka familia yake yote! Atatulipia sisi bote hospitali!"

Tantine akapiga vigelegele. Watu wakapiga makofi, mamangu, walipiga makofi! Mke wa profesa akanishika bega akaniambia Mungu atanibariki. Ninachokumbuka ni Neema kuninong'oneza, "Yaya," maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "umefanya nini?", na mimi kumjibu, "Nyamaza, simama sawa."

Hapo akaja dereva, akauliza nani analipa safari. Tonton akaninyoshea fimbo. Ningeweza kukataa, najua, mnaniambia kila mara, lakini uwanja mzima ulikuwa bado unanitabasamia, na dereva ameegesha mbele ya shuka jeupe, na foleni imeanza kupiga kelele atoe gari. Nikafungua kiuno. Nikalipa.

Tulipofika mezani papa Justin alinyanyua kichwa, akaangalia, akavua miwani, akaangalia tena.

"Hii ni familia ngapi?"

"Moja," akasema tonton.

"Hii hapana familia," akasema mtu nyuma kwenye foleni, "hii ni parokia!" Wakacheka. Tonton akageuka, "Weye unacheka, ku nyumba yako muko wawili na paka?" Wakacheka zaidi.

Nikamwinamia papa Justin, nikamweleza polepole kwamba nataka kuandika wanne tu, huyu mzee amekuja kutukopesha kichwa. Akasema hapana, sauti ya kawaida kabisa, kila mtu akasikia: kama yeye ndiye mkuu wa nyumba, basi wote wa nyumba yake wanaingia na kulipiwa, au hakuna anayeingia. Tonton akaniangalia. "Lipa basi, mutoto wangu, koko hawezi simama."

"Tonton, niko na ya sisi wane tu. Na sasa hata hiyo haitoshe."

"Ya nyinyi wane?" Akavua kofia. Hapo ndipo alipoelewa, na mimi nikaona aibu mpya kabisa, nzito kuliko ile ya kwanza, kwa sababu uso wake uliumia kweli. "Mapendo. Uliniita niwe kichwa. Kichwa inatembeaka bila mwili? Nimetoa batu ku kitanda, nimebaambia mutoto wa kaka yangu anatuita, kumbe ulikuwa unataka kofia?"

Kijana wa hernia akakaa chini. Koko akauliza kwa Kimashi kama tayari amepigwa picha. Profesa akasema kitu kirefu kwa Kifaransa kuhusu muda, na papa Justin akatazama saa yake, kwa sababu kweli walikuwa wanafunga, na mimi nikawa nafikiria mwaka mzima, msimu wa mvua wote, ile korido, na hakuna tena cherehani.

Ni Neema aliyesogea mbele. Jua lilikuwa limemchosha, alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Papa, mimi nalalaka kwa yaya Mapendo. Nakulaka kwa yaya. Nikigonjwa, ni yaya ananibeba. Tonton ninamupenda, lakini ninamuonaka ku matanga tu."

Watu wakaguna. Tonton akatazama kofia yake. Papa Justin akaniuliza, "Ni kweli? Njo weye unabalisha?"

"Ndiyo, papa."

"Sasa chef de ménage si njo weye? Nani alikuambia lazima ikuwe mwanaume?"

"Hakuna."

"Na juu ya nini haukuuliza?"

Ndugu zangu, swali hilo nimelibeba mpaka leo. Mbele ya profesa, mbele ya wale wamama, mbele ya shuka jeupe, nilisimama pale kama mtoto aliyekojoa darasani, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuonekana mjinga kwa dakika moja, na sasa nimeonekana mjinga kwa wilaya mbili.

Pesa za wanne zilikuwa zimekuwa za watatu, na kwa sheria ileile nisingeweza kumwacha hata mmoja wa wale walaji wangu nje. Nikafikiria kukopa, nikageuka nyuma, kila mtu ghafla anatazama viatu vyake. Tonton Deo akavaa kofia, akaingiza mkono kwenye soksi (ndiyo, kwenye soksi), akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka mezani bila kuniangalia.

"Ilikuwa ya kurudi," akasema.

Tukaandikwa. Tukapigwa picha sisi wanne, mimi nimevimba macho, na mpiga picha akilalamika kwamba kuna ncha ya fimbo inaingia pembeni. Papa Justin akamweleza tonton kwamba mutuelle iko pia upande wa Katana, kwenye parokia yao wenyewe, na kwamba angeweza kuandika watu wake kule bila kuwapakia kwenye gari. Tonton akaniangalia mimi.

Kwa sababu ya ile nauli ya soksi, wote walikuja kulala kwetu. Nyumba yetu ni vyumba viwili, mlimani. Koko alipandishwa kwa mgongo wa vijana, na njia nzima anawaelekeza. Alichukua kitanda changu. Tantine alinifundisha jinsi ya kupika sambaza, mimi ninayeziuza toka utoto. Waliondoka Alhamisi, siku nilipopata nauli yao, na beseni langu lilikuwa limebaki na chumvi tu.

Mvua zilipokuja, Neema alishikwa. Nikampeleka, nikaonyesha kadi, wakamtibu, na siku daktari aliposema aende, nikalipa kile kidogo chetu kwenye kaunta na tukatoka siku ileile kwa mlango wa mbele. Nilikuwa natembea haraka haraka, nimemvuta mkono, mpaka akaniambia, "Yaya, polepole, hakuna mwenye anatufuata."

Kwa hiyo siku hizi mtanisamehe kwenye mikutano. Profesa akimaliza Kifaransa chake, mkono wangu uko juu, na ninauliza kwa Kiswahili, kwa sauti, jambo ambalo kila mtu analijua, na wakicheka ninasubiri wamalize, kisha ninauliza tena. Na kwa tonton Deo ninapiga simu kumsalimu tu. Nikitaka kumwomba kitu, napanda gari mimi, mtu mmoja, naenda Katana.