Blanketi la Owiti

Jana mjukuu wangu alinyeshewa, akaanika blanketi lake karibu na moto. Ile harufu ya sufu mbichi na moshi ikanitoa jikoni. Akadhani moshi umeniuma macho. Ningemwambia nini? Nikuambie wewe basi, maana nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Miaka ile Wazungu walikuwa bado wanakata msitu wa Kericho wapande chai, nami nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye shamba la mama la wimbi, ile nafaka ya uji. Nilikaa juu ya kichanja cha miti, nikirusha madongoa na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka sauti inakauka. Asubuhi moja ya ukungu niliona mtu akipita kule chini, anaswaga mtamba. Mtu tu. Nikawarudia ndege wangu.

Mchana nyapara wa shamba la chai akaja na askari wawili. Mtamba wa bwana mkubwa alikuwa ameibwa. Nyapara alikuwa mpole, Mungu amsamehe, akanipa kipande cha sukari guru.

"Chebet, huyo mtu alikuwa amejifunga ile blanketi nyekundu ya Owiti, sio?"

Owiti alikuwa jirani yetu, kibarua wa chai aliyetoka upande wa ziwa, na hakuna mwingine aliyekuwa na blanketi jekundu kama lake. Nikaitia sukari mdomoni.

"Ilikuwa inaburuta chini ama ameiweka begani?"

Nikafikiri. "Begani," nikasema.

Haki ya Mungu, sikuwa nadanganya! Alipouliza, nililiona, wekundu wake ukitokeza kwenye ukungu. Kila alivyozidi kuuliza ndivyo lilivyozidi kuwa wazi, nami nikasema na kusema, sukari ikiyeyuka mdomoni. Wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa, wakasema mtoto hajui kutunga. Owiti akafungwa kamba, akapandishwa lori. Hakunitukana. Aliniangalia tu, kama mtu anayengoja nimalizie maneno yangu.

Nilirudi nyumbani najiona shujaa. Mama alikuwa amempakata ndugu yangu mdogo, mgonjwa wa homa tangu juzi. Nikamsimulia yote. Mama akainua blanketi lililomfunika mtoto.

"Wee Chebet! Na hii inafunika mtoto ni ya nani?"

Lilikuwa jekundu. Owiti alituletea jana yake jioni ili mtoto asitetemeke, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelala chini ya pembe yake mpaka alfajiri.

Mama akalitwaa, akakimbia nalo hadi kwa nyapara. Akaambiwa mtoto ameshasema, na yeye kama jirani lazima atamtetea mwenziwe. Maji yalikuwa yameshamwagika. Owiti alipelekwa jela na hatukumwona tena. Blanketi lake lilibaki kwetu limekunjwa, mama hathubutu kulitumia wala kulitupa.

Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipoelewa kwamba nyapara hakuniuliza nilichoona, alinipa cha kuona, nami nikakipokea pamoja na sukari. Lakini kuelewa hakujanisaidia. Najua blanketi lilikuwa nyumbani. Hata hivyo, hadi leo nikifumba macho naona ule ukungu, na Owiti anapita na mtamba, blanketi begani.