Aliyezijua Kadi za Mau Narok

Edinah Naliaka alikuwa akitengeneza kompyuta katika kibanda karibu na stesheni ya reli Nakuru, ambako babu yake aliwahi kuwa fundi wa injini. Mwaka 2021 alifuatwa huko na Kihara, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok. Kihara alikuwa amenunua kadi kumi na mbili za graphics, zile za kuchezea gemu, akazipanga kwenye stoo ya viazi ili zimchimbie sarafu za mtandaoni, yaani zipige hesabu usiku na mchana naye alipwe kwa sarafu hizo. Baridi ya huko ingezipoza, alidhani. Lakini zilikula umeme kupita kiasi na kuzima kila mara.

Edinah alikaa Mau Narok wiki tatu. Alizishika moja moja. Alipunguza umeme, kisha akapandisha kasi ya memori kidogo kidogo, akingoja saa nzima aone kama kadi itaanza kukosea hesabu. Ikikosea, alirudi nyuma hatua moja. Akagundua kwamba hata kadi za kiwanda kimoja hazilingani: ya tatu ilivumilia sana, ya saba haikutaka kuharakishwa. Alipomaliza, umeme ulikuwa umepungua kwa theluthi, na hakuna iliyozima tena.

"Niandikie hizo namba zote," Kihara alimwambia. "Siku ukiwa mgonjwa, je?"

Edinah akaandika daftari zima, kila kadi na namba zake. Mwezi uliofuata Kihara alimpigia simu: asihangaike kupanda tena, kijana wake Kinyanjui amemaliza chuo, yeye ndiye atakayezisimamia kadi.

Kinyanjui aliona namba za kadi ya tatu ndizo kubwa, akazipa kadi zote. Wiki ya kwanza mapato yalipanda. Kabla ya mwezi kuisha, kadi tano zilikuwa zimekufa.

Kihara akashuka Nakuru, akasimama kibandani mbele ya wateja. "Uliniandikia uongo makusudi," alisema. "Ulitaka nikurudie."

Edinah alifunga kibanda, akapanda naye hadi stoo. Aliweka daftari kando ya skrini. "Mzee, soma mwenyewe. Hizi ndizo nilizoandika. Hizo za kwenye skrini si zangu."

Kihara alisoma polepole. Alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Edinah. "Sawa," alisema. "Basi rekebisha hizo saba zimebaki."

Edinah alizirekebisha. Hakuweza kuziacha zikiungua, na hilo humkera mpaka leo kuliko ile aibu ya mbele ya wateja.

Septemba 2022 sarafu aliyokuwa akiichimba Kihara ilibadilisha mfumo wake ikawa haichimbwi tena, na kadi zikakosa kazi. Ujuzi wa wiki tatu ukaisha siku moja. Stoo ilirudishiwa viazi. Kihara hakuwahi kurudi kibandani kuwaambia wale wateja ukweli.

Juzi mama mmoja, Rahab, alisimama mlangoni amekumbatia laptop. "Ni wewe ulichoma mashine za mzee wa Mau Narok?"

Edinah alianza kueleza, akachoka kabla ya kufika katikati. "Ilete tu, mathe."

Rahab alifikiria kidogo, kisha akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine.