Kosa la Komba

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa pia na kazi ya kubeba maneno kati ya watu wawili walioketi ua mmoja. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amevuka Ruvuma akikimbia vita, akaja kukaa nasi Likombe. Kwa desturi yake, mama mkwe na mkwewe hawasemezani uso kwa uso. Basi Bibi alisema nami, Baba akasikia. Baba akajibu kupitia kwangu, Bibi akasikia. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Baba alikuwa mgema. Mwaka ule komba walipanda minazi yake usiku, wakanywa tembo, wakapindua vibuyu. Mwanzoni aliwacheka, akasema wangekuwa na mifuko wangekuwa wateja wake bora. Hasara ilipozidi, kicheko kikaisha, akasokota tanzi.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Bibi alinituma nikamwambie Baba kwamba kwao mume wa mwenye mimba hanyongi kiumbe. Akinyonga, kitovu humzonga mtoto tumboni.

“Mwambie bibi yako,” Baba akasema, “komba si mnyama wa bure. Analia kama mtoto mchanga. Mchawi huyo.”

Bibi aliendelea kumenya muhogo. “Mwambie baba yako, juzi komba alikuwa mteja, leo amekuwa mchawi. Uganga huo kausomea lini?”

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Baba hakucheka. Akatega.

Asubuhi tulimkuta komba jike chini ya mnazi wa karibu na nyumba. Tanzi lilikuwa limembana kiunoni, na mtoto wake amemng’ang’ania mgongoni, macho yamejaa uso mzima. Baba akachukua panga. Mama alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo. Nikamwangalia Bibi, nikisubiri maneno ya kubeba.

Hakunipa. Alinipita, akasimama mbele ya mkwewe, nusu ya uso ndani ya kanga, macho chini, akamwambia yeye mwenyewe:

“Mwanangu, kama ni tembo, sema ni tembo. Umuue kwa hilo. Usimpe uchawi asiokuwa nao.”

Baba alifungua kinywa. Lilikuwa neno moja tu, jepesi: tembo. Lakini alimtazama yule mtoto mgongoni, akamtazama Mama, neno likakataa kutoka. Panga lilikata kamba. Komba, kwa shukrani, akamng’ata kidole, akapotea mikoroshoni.

Mdogo wangu alizaliwa mwezi uliofuata, salama, mwenye sauti kali. Kama ni kwa sababu ya kamba ile, sijui. Wawindaji nao huzaa watoto wazima. Komba waliendelea kuiba. Baba akasuka vifuniko vya ukindu kwa ajili ya vibuyu, vikasaidia kidogo.

Sasa nina nyumba yangu, wala si mwema kuliko Baba. Kuku nachinja, panya nawategea. Lakini nimeona jinsi watu wanavyoanza kwa kumtafutia kiumbe jina baya, na jina likishapatikana mkono hauoni uzito tena. Mimi pia hulitafuta. Kwa hiyo kabla ya kuua husema kwa sauti, peke yangu, kile hasa ninachokitaka. Mara nyingi naendelea. Mara nyingine nakisikia kilivyo kidogo, nikarudi ndani.