Masanduku ya Kina Zawadi

Juzi, katika uwanja wa ndege wa Stockholm, nilimwona mama mmoja akihamisha pakiti za kahawa kutoka sanduku moja hadi jingine, na wivu wangu wa utotoni ukanirudia.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto kule Hjulsta, mtaa wa Stockholm tulikoishi, kina Zawadi, jirani zetu, walikuwa wakifunga mizigo ya kwenda Kenya. Sebule ilinukia kahawa na sabuni. Mama yake alikalia sanduku ili zipu ifungike. Kengele ya mlango haikutulia, na kila mgeni aliingia na furushi.

"Vyote hivi mmepewa ninyi?" nilimuuliza Zawadi.

"Anayesafiri hupewa. Wewe wa kubaki, upewe nini?"

Nikaamini kwamba watu hupenda safari kwa sababu msafiri hupendwa na wote. Sikujua kuwa wageni wale walikuwa wakituma mafurushi hayo kwa mama na dada zao waliobaki nyumbani Kenya.

Leo nina stashahada yangu, nimerudi Nairobi, nimejenga kwa jasho langu, na Stockholm naenda nitakapo. Sanduku langu ni jepesi. Watu huniaga, "Safari njema, bosi!" Hakuna anayenipa hata pakiti ya majani ya chai nimfikishie mtu wake.