Nilivyomwoza Bibi Kabula kwa Mjukuu Wake

Siku hiyo uani kwa Bibi Kabula, kijijini Didia, tulikuwapo yeye, wadogo zangu wawili niliowalea tangu tulipofiwa na wazazi, mimi, na mwalimu mgeni aliyekuwa akiandika kamusi ya maisha ya watemi, watawala wetu wa zamani.

Mwalimu alikuwa ameandika kwamba Bibi Kabula alimzaa mama wa mtemi mmojawapo. Mimi, niliyeishia darasa la nne, nikamsahihisha: "Ni mkewe. Nimemsikia Bibi akimwita 'mume wangu'."

Akabadilisha, akamsomea Bibi: "Mke mkubwa wa mtemi."

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Yule mjukuu wangu, nimemwogesha mimi. Kwani wewe bibi yako hakukuita mume?"

"Sikumkuta, Bibi."

Akanitazama. "Basi mume wangu sasa ni wewe. Mbona umekuja bila kuni?"

Mwalimu alishafuta kosa langu. Kuni bado sijapeleka.